Shibiri Saba Kasoro

Nilimpima kwa kiganja. Kamba iliganda kwa baridi,
ikakataa kunyooka.
Shibiri saba kasoro vidole vinne.
Zamani alimzidi mumewe kwa kimo;
miaka themanini na mitatu ilimla kidogo kidogo
kama panya alavyo mshumaa wa shahamu.

Naye aliwahi kunipima.
Usiku wa theluji, mama yangu akiuma ukanda wa ngozi,
Mehitabeli Thurlow alinivuta duniani, miguu mbele,
akaninyoosha juu ya paja lake, akasema:
"Shibiri mbili na ushee. Huyu atagonga kichwa milangoni."
Nimegonga. Bado nagonga.
Deni lile nililipa kwa misumari.

Alitoka Devoni binti wa miaka kumi na tisa,
wiki kumi na moja majini, akitapikia kofia ya shangazi yake,
mbegu za tofaa amezishonea kwenye pindo la gauni.
Baridi ya kwanza waliishi ndani ya kilima kama fuko:
shimo, paa la magome, moshi usiojua pa kutokea.
"Nilianza na kaburi," alikuwa akicheka,
"nikapanda cheo hadi nyumba."
Elkana wake alikwenda na mto siku barafu ilipopasuka.
Watoto saba. Wanne wako nyuma ya ukuta wa mawe.

Kuna jambo alilisimulia nusu.
Mwaka wa pili, njaa imewakaa kooni,
alikuja mwanamke wa Wanipmuki na kikapu.
Alichimba kwa gamba la kome,
akaweka samaki, akaweka punje nne za mahindi, akafukia,
kisha akamkabidhi gamba: haya, wewe sasa.
Jina lake Mehitabeli alijaribu kulitamka miaka sitini
na kila mara ulimi ulijikwaa palepale.

Nusu ya pili tunayo sisi, maana baba zetu walikuwepo.
Vuli ya vita. Walivuka mto na mienge.
Ebeneza, mwanawe, alirudi alfajiri
nguo zake zikinuka bisi.
Mama mtu alizifua mara tatu, halafu akazitia motoni,
na hakumsemesha mpaka theluji ikayeyuka.

Toka hapo, kila machipuko, vituta vitatu kando ya ua,
samaki chini, punje nne nne.
Hakuvuna. Walivuna kunguru, na kulungu.
Mchungaji alimwambia huo ni ubadhirifu.
"Ndiyo, mchungaji," akajibu,
akaenda kutafuta samaki.

Alikufa Jumanne akikoroga uji.
Neno la mwisho, kama ni neno, lilikuwa "chumvi".
Ardhi ilikuwa chuma; sururu ilirudi mkononi ikilia.
Basi akangoja ghalani, juu ya nyasi kavu,
kati ya ng'ombe wake wawili,
yeye ambaye hakuwahi kumngoja mtu.
Mbao alizitunza mwenyewe chini ya kitanda miaka kumi,
akianikia vitunguu juu yake.
Niliranda, nikaranda. Sanduku lilinuka kitunguu hadi mwisho.

Mfukoni mwa aproni nilikuta kifundo cha kitambaa:
punje kumi na mbili.
Sikumwonyesha mchungaji.
Wala Ebeneza, aliyesimama mlangoni akikunja kofia,
mvi zimemjaa naye.

Mwishoni mwa Aprili udongo ulikubali.
Tulimshusha asubuhi, zaburi moja, watu wakarudi majembeni.
Jioni nilipita nyumbani kwake,
nikagonga kichwa kwa mazoea,
nikatokea nyuma, nikachimba mashimo matatu kwa vidole.
Punje nilikuwa nazo. Samaki sikuwa nao.

Nilikuwa bado nimepiga magoti
niliposikia viatu vilivyojaa maji vikija taratibu kutoka mtoni.
Sikugeuka.
Nilisogea kidogo, nikampisha.